Kura ya Choroko na Dengu

Jumamosi ya nne mfululizo, Mzee Gurdial alimwona Rajab ndani ya treni, akaenda kupanda behewa jingine.

Ilikuwa saa saba na robo mchana, kituo cha Stratford, London. Treni ya njia ya Jubilee ilikuwa imesimama milango wazi ikisubiri muda wake wa kuondoka, na Rajab alikuwa keshakaa behewa la mbele, begi lake kaliweka kiti cha pili ili mzee akija akute nafasi. Akamwona dirishani: kilemba cha zambarau, koti la mvua katikati ya Julai, mkoba wa vitabu vya alama kwapani. Gurdial alichungulia ndani. Macho yao yalikutana, Rajab alikuwa na hakika yalikutana, kisha mzee akageuka kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha jiko linawaka. Akarudi nyuma kwa hatua za haraka ambazo siku nyingine zote mgongo wake hukataa kuzipiga, akaingia behewa la tatu.

"Haya," Rajab alijisemea, akaondoa begi kitini.

Kwa miaka ishirini na miwili wawili hawa walikuwa wakisafiri pamoja kila Jumamosi, kutoka mwisho mmoja wa reli hadi mwisho wa pili, Stratford mpaka Stanmore, karibu saa nzima, na habari ilikuwa moja tu: kriketi. Gurdial, Singasinga wa miaka sabini na sita, alikuwa mwandishi wa alama wa klabu ya Upanga. Kila mpira uliorushwa tangu klabu ianze kucheza London ameuandika kwa kalamu zake za rangi nne, na ukibishana naye atakufungulia ukurasa. Rajab alikuwa na miaka hamsini na minane. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mageti ya kituo cha treni akiwasaidia watu ambao tiketi zao zimekataa. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hatakuambia habari za mageti. Atakuambia ni mrushaji wa mpira wa kuzungusha, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, mtoto wa mzee aliyekuwa akisawazisha kiwanja cha kriketi kwa rola la chuma.

Klabu ilibeba jina la mtaa huo. Wanachama wake karibu wote walikuwa Wahindi wa Dar, na Rajab kwa miaka mingi alikuwa Mwafrika peke yake katika timu. Hilo halikuwa likimsumbua. Lilianza kumsumbua mwezi huu.

Kila Agosti, Upanga hucheza na Ngara, klabu ya Wahindi wa Nairobi, mechi ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wenyewe wanaiita Test, ingawa Test ya kweli, ya timu za mataifa, ni siku tano na wao ni wazee wenye magoti mabovu. Mwaka mzima Rajab aliuishi kwa ajili ya siku hizo mbili, na hasa kwa mchana wa siku ya pili, wakati kiwanja kimekwisha kukauka na kukanyagwa, na mpira ukidondoka unashika udongo na kupinda kama una akili zake. Saa hiyo hata vijana wenye misuli humtazama Rajab kwa heshima. Hakukuwa na saa nyingine kama hiyo katika maisha yake, na tusidanganyane, watu wengi hawana hata hiyo moja.

Sasa machale yalikuwa yamemcheza kwamba wanataka kumtosa.

Dalili ya kwanza ilikuwa Sufian. Kijana wa Kizanzibari, miaka ishirini na minne, mwanafunzi, alijiunga na klabu mwezi wa tano, na naye ni mrushaji wa mpira wa kuzungusha. Timu ya watu kumi na moja haiweki warushaji wawili wa namna moja, hasa mmoja wao akiwa anapumua kwa shida akipanda ngazi. Dalili ya pili ilikuwa Gurdial na mabehewa yake. Ya tatu ilitokea wiki mbili nyuma, katika stoo ya duka la Pradip. Pradip ndiye nahodha wa Upanga kwa miaka kumi na minne sasa, na duka lake la nafaka na viungo, hatua chache kutoka kituo cha Stanmore, ndiyo ofisi ya klabu. Wateuzi wa timu ni watatu: Pradip, Gurdial, na Nitin mwenye duka la dawa. Tangu Rajab awajue, wateuzi hao hugombana kwa Kiswahili, maana wanasema matusi ya Kiswahili ndiyo yanayoshibisha. Siku hiyo Rajab aliposukuma pazia kuingia stooni, wote watatu wakahamia Kigujarati palepale, katikati ya sentensi. Hata Gurdial, ambaye Kigujarati chake ni cha kuokoteza. Rajab alisikia jina la Sufian. Akasikia lake. Kisha wakanyamaza, na Pradip akamwuliza habari za nyumbani.

Dalili ya nne ndiyo iliyommaliza. Wiki iliyopita Gurdial aliacha kitabu chake juu ya gunia la mchele akaenda chooni, na ndani kulikuwa na karatasi imechomoza. Rajab hakuivuta. Alikisogeza tu kitabu kisianguke, na karatasi ikafunguka yenyewe, au ndivyo alivyomweleza mkewe. Ilikuwa orodha ya timu kwa mwandiko wa Gurdial. Mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Huo ni wa nahodha siku zote, na hakuna asiyejua nahodha ni nani. Kuanzia wa pili hadi wa kumi na moja palikuwa na majina. La sita lilikuwa la Sufian. La Rajab halikuwepo. Alisoma mara tatu, akashuka kwa kidole na kupanda, na halikuwepo.

"Si umwulize?" mkewe Mwanahawa alimwambia usiku huo, akivua viatu vya kazi, alikuwa mwuguzi na miguu ilikuwa imemvimba. "Mdomo unao."

"Mtu haombi maelezo ya kufukuzwa."

"Kafukuzwa nani? Umeona karatasi tu."

"Upanga, mtu akiachwa anaambiwa usoni," Rajab alisema. "Nahodha anakupa chai, anakuambia mwaka huu haumo, unakunywa, mnapeana mikono. Ndiyo ada yetu. Bharat aliambiwa, Kanti aliambiwa. Mimi hata chai wameninyima."

"It's only cricket, Baba," binti yake alisema kutoka kwenye kochi bila kuinua macho kwenye simu.

Rajab aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu ya Gurdial kuliko kwa sababu ya karatasi. Pradip ni nahodha, na manahodha wana siasa zao. Nitin ulimi wake mkali kwa kila mtu. Lakini Gurdial walikuwa wamegawana naye mihogo ya kukaanga ndani ya foili kwa miaka ishirini na miwili, na mkono wake ndio ulioandika orodha ile.

Basi ndiyo maana leo alikuwa peke yake kwenye behewa la mbele, na hotuba mfukoni. Maana leo kulikuwa na jambo jingine. Ngara walikuwa wameandika barua: wachezaji wao hawapati tena siku mbili, wake wanalalamika, mabosi wanalalamika, kwa hiyo waliomba mechi iwe ya ova ishirini kila upande, yaani mipira mia na ishirini tu, iishe siku moja, watu wale waende zao. Upanga wapige kura leo. Baada ya kura, kama ilivyo ada, orodha ya timu itasomwa na kubandikwa nyuma ya kaunta. Hotuba ya Rajab ilikuwa ya kutetea siku mbili. Aliiandika kabla hajaiona ile karatasi.

Alipofika Stanmore alijichelewesha makusudi jukwaani, ampishe Gurdial atangulie. Mzee alipita mbali, kichwa chini.

Stooni walikuwa wanachama kumi na watatu wenye kura, juu ya magunia na viti vya plastiki, na harufu ya bizari na iliki. Lila, mke wa Pradip, alikuwa keshazungusha chai, kachori na chevda. Sufian alisimama karibu na mlango, maana ambaye hajatimiza mwaka hapigi kura.

"Shikamoo, mzee," Sufian alimwambia Rajab.

"Marahaba."

"Nilikuwa nataka kukuomba kitu. Ule mpira wako unaoelea halafu unaingia ndani. Nikiushika vidole vinakataa. Utanifundisha?"

Rajab alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Wamempa nafasi yangu, alifikiri, sasa kaja kuchukua na ufundi. "Tutaona," akasema, akaenda kukaa kona ya mbali, chini ya rafu ya unga.

Nitin alianza. Hakusimama, alikuwa mtu wa kuua kwa maneno akiwa amekaa.

"Jamani, tuseme ukweli. Test imekufa. Sisi hapa tunaweka maua tu. Nchi ndogo zinapewa mechi mbili, zinafungwa, zinarudishwa nyumbani. Vijana wote wazuri wako kwenye ligi za ova ishirini. Nani atakaa siku tano juani kwa ajili ya droo?"

"Imekufa, na uwanja wa Lord's tiketi hupati?" Pradip alimjibu. "Mimi mwaka huu nimekosa."

"Hiyo ni Lord's. Watu wanakwenda kunywa. Toka hapo nenda kokote duniani, viti vitupu, njiwa tu."

"Tatizo si Test, tatizo ni selection," alisema mmoja kutoka kwenye magunia ya mchele. "Kijana anapiga sita mara tatu kwenye ligi, kesho anapewa kofia ya Test. Mpira wa tano katoka. Halafu yule aliyepiga mia mara nne kwenye mechi za county, mwaka mzima, kwenye mvua, hakuna anayemjua jina."

"Kwa sababu hauzi jezi."

"Kwa sababu wateuzi wanaangalia simu badala ya kuangalia mchezo."

"Wateuzi wana watu wao," Rajab alisema.

Hakukusudia kusema. Sauti ilitoka yenyewe, na stoo nzima ikamgeukia. Pradip alimtazama Nitin, Nitin akatazama kikombe chake, na Gurdial, ambaye siku zote katika mjadala kama huu angekuwa keshafungua vitabu vitatu na kunyoosha kidole, alikuwa akichunguza kamba za viatu vyake. Hajasema neno tangu aingie.

"Endelea, Rajab," Pradip alisema. "Wewe ndiye mtu wetu wa siku ya pili. Tunataka kukusikia."

Alikuwa akitabasamu. Rajab aliliona tabasamu hilo na kulichukia. Hotuba ilikuwa mfukoni, karatasi mbili, alizozisoma mbele ya kioo. Ilizungumzia udongo unavyobadilika, na subira, na jinsi ambavyo katika siku mbili mtu aliyeshindwa asubuhi ya kwanza bado anapewa nafasi ya kuwa mtu jioni ya pili. Awatetee mchezo wao halafu wampige chini yeye? Awapigie debe harusi asiyoalikwa?

"Mimi sina la kusema," alisema. "Wenye timu wapo."

Pradip akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo la kupendeza. Nitin naye akacheka. Rajab akahisi masikio yanamwaka moto.

Mjadala uliendelea nusu saa. Karibu kila mtu alisema upande wake, na Pradip, ambaye huhesabu midomo kabla ya kuhesabu kura, alionekana kutulia. Sita, Nitin akiwemo, walikuwa wa ova ishirini, waziwazi. Watano, Pradip akiwemo, walikuwa wamesema siku mbili, na wa sita ni Gurdial, ambaye msimamo wake ulijulikana hata akinyamaza. Wa saba alikuwa Rajab, na Rajab hakuna aliyehitaji kumwuliza.

Kura za Upanga hazina karatasi. Zamani kule Dar wazee wa klabu wengine walisoma Kigujarati tu, wengine Kipunjabi tu, wengine Kiingereza, na karatasi ya mwandiko mmoja ingewaacha wengine nje. Wakaamua kutumia nafaka, na London hawakuona sababu ya kubadilisha. Lila alipitisha bakuli mbili. Kila mtu alichukua punje moja ya choroko na moja ya dengu. Choroko ni siku mbili, dengu ni ova ishirini. Unakwenda nyuma ya pazia, unadumbukiza moja kwenye kopo la majani ya chai lenye tundu kwenye kifuniko, na ile iliyobaki unaitupa kwenye ndoo ya chakula cha ndege mlangoni. Hakuna ajuaye umefanya nini ila wewe.

Zamu ya Rajab ilipofika alikwenda nyuma ya pazia akasimama mbele ya kopo. Alikuwa ameshika choroko kwa vidole vile vile anavyoshikia mpira. Nje alimsikia Pradip akinong'ona kitu kwa Kigujarati, na kicheko kidogo, na sauti ya Gurdial ikisema "shh." Basi, alifikiri. Mnanila kisogo na mimi nipo hatua tatu? Chezeni. Lakini siku mbili zangu hamzipati. Akaiachia dengu. Iligonga bati chini, tik, na hapo hapo alijua amefanya jambo ambalo asingelifanya hata kwa kulazimishwa. Akatoka haraka, akaipita ndoo bila kuiona, akarudi kwenye kona yake mikono mfukoni.

Pradip alimimina kopo juu ya sinia. Akapanga kwa kidole. Akapanga tena.

"Choroko sita," alisema. "Dengu saba."

Hakuna aliyeshangilia, hata upande wa Nitin. Nitin mwenyewe alisogea akahesabu, akainua mabega. "Mimi nilijua tuko sita," alisema.

"Mmoja wetu kageuka," Pradip alisema.

Alilisukuma lile sinia kando. Halafu, kwa sababu ada ni ada, alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua taratibu. "Nilikuwa na hotuba nzuri hapa," alisema. "Nilikuwa nimwambie mtu kwamba goti langu limekwisha na mimi mwaka huu sichezi. Nimwambie kwamba wateuzi wote watatu walilikubali jina lake ndani ya siku moja tu, bila kugombana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sasa sijui namwambia awe nahodha wa nini." Akasoma. "Nahodha: Rajab."

Watu walianza kupiga makofi, wakaacha katikati.

Rajab alisikia majina mengine kumi kwa mbali. La sita lilikuwa la Sufian. "Na huyu," Pradip aliongeza, "tumemweka kwa sababu yako. Gurdial alisema siku ya pili mchana mrushe pande mbili, wewe huku, yeye kule, ajifunze akiwa ndani ya mechi. Hilo ndilo tulilokuwa tukigombania, tukahama lugha ulipoingia."

Hapo Rajab akakumbuka, na kukumbuka kulikuja kwa kuchelewa namna ya kutisha. Miaka kumi na minne nyuma, Pradip mwenyewe alipoteuliwa. Mwezi mzima walimkwepa. Walinyamaza kila alipoingia dukani kwake mwenyewe, mpaka akamwuliza Lila kama ana ugonjwa ambao daktari amewaambia watu wote isipokuwa yeye. Maana ada ya Upanga ina pande mbili. Anayeachwa huambiwa usoni. Anayefichwa ni mmoja tu, nahodha mpya, mpaka orodha ibandikwe, asije akaanza kuombwa nafasi na kila mwenye mpwa. Rajab ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka Pradip mwaka ule. Alijua hayo yote. Haikumpitia akilini hata sekunde moja kwamba safari hii anayefichwa ni yeye.

"Sasa nataka kujua," Pradip alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wenzangu sita walinitazama machoni. Nani?"

"Kura ni siri," Lila alisema.

"Siri ndiyo. Lakini mimi nina macho." Akageuka. "Gurdial. Wiki iliyopita umelalamika mgongo. Umesema kiti cha mwandishi kwa siku mbili kinakuua."

"Nimelalamika mgongo tangu mwaka themanini na tatu," Gurdial alisema.

"Na leo hukufungua mdomo. Mjadala wa Test, wewe, kimya. Mwezi mzima unajitenga. Watu wote wameona."

"Punje yako iliyobaki iko wapi?" mwingine akauliza.

"Ndooni. Kama zenu."

Wakatazama ndoo. Mlikuwa na mtama, mchele uliovunjika, choroko na dengu zimechanganyika, na hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuthibitisha chochote humo. Gurdial alikuwa amesimama. Alitazama nyuso moja moja, watu ambao mikimbio yao ameiandika tangu wana nywele nyeusi, na hakuna uso uliomsaidia.

"Nilinyamaza kwa sababu siwezi kusema uongo," alisema, sasa akimgeukia Rajab peke yake. "Wewe unanijua. Nikikaa na wewe saa nzima kwenye treni, kabla ya kufika kituo cha Canada Water nimeshakuambia. Mimi ndiye niliyetoa jina lako. Nikasema basi, nipande behewa jingine, mwezi mmoja tu, ataelewa. Nimekula mihogo peke yangu wiki nne. Mimi nipige kura dhidi ya siku mbili zako?"

Rajab aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Mfukoni vidole vyake vilikuwa vinaizungusha punje. Alikuwa akiizungusha tangu atoke nyuma ya pazia, bila kujua. Angeweza kuiacha hapo. Angeweza kukohoa, kwenda mlangoni, kuipitisha ndooni, na hakuna ambaye angejua mpaka kufa kwake, na Mzee Gurdial angekwenda nyumbani akiwa msaliti.

Akasimama, akatoa mkono, akaiweka choroko juu ya sinia, kando ya zile sita.

Hakuna aliyeelewa kwa haraka. Nitin ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka kikombe chini.

"Ni mimi," Rajab alisema.

"Wewe?" Pradip aliuliza. "Kwa nini?"

"Nilidhani mmeniacha."

"Anayeachwa tunamwambia usoni," Pradip alisema polepole, kama anamfundisha mgeni. "Umeona lini sisi tunamwacha mtu kimya?"

"Niliona karatasi. Jina langu halikuwepo. Mkawa mnasema Kigujarati."

"Miaka ishirini na miwili, Rajabbhai, kaka yetu," Lila alisema.

"Turudie," mtu mmoja alisema. "Tupige tena, amekosea."

Pradip alimtazama Nitin. Nitin angeweza kufurahi, na hakufurahi. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Tangu Dar haijarudiwa," alisema. "Mwaka ule walipohamisha kiwanja kwa kura moja, baba yangu alilia, na haikurudiwa. Tukirudia leo kwa sababu mtu alikasirika, kesho tutarudia kwa sababu mtu alikuwa na njaa. Kura ni kura, Rajab."

"Kura ni kura," Rajab alisema.

Sufian, kule mlangoni, alikuwa ameinamisha uso. Pradip aliibandika orodha nyuma ya kaunta kwa gundi, jina la Rajab juu kabisa, kwa mwandiko wa Gurdial, herufi kubwa kwa wino wa kijani ambao mzee huutumia kwa mambo mazuri tu. Watu walianza kutafuta makoti yao. Gurdial alikuwa akirudisha kalamu zake kwenye kijaluba, moja moja, nyekundu, bluu, nyeusi, kijani. Rajab alimsogelea.

"Mzee."

"Lila kaniwekea chai," Gurdial alisema bila kuinua kichwa. "Nitamaliza chai."

Rajab alitembea peke yake mpaka kituoni. Agosti atakuwa nahodha. Katika ova ishirini kila mrushaji haruhusiwi zaidi ya ova nne, mipira ishirini na minne, na yote juu ya kiwanja kibichi cha siku ya kwanza ambacho hakipindishi kitu. Nne za mpira wa kuzungusha atampa Sufian, aliamua kabla hajafika getini. Halikuwa tendo la ukarimu. Hakuwa na uso wa kuzirusha mwenyewe.

Treni ilikuwa imesimama milango wazi, ikisubiri muda wake. Aliingia behewa la mbele, akakaa kiti cha pembeni, akaweka begi lake kwenye kiti cha pili. Dakika nane zilibaki. Kisha nne. Kisha akaona kilemba cha zambarau kikishuka ngazi.

Gurdial alikuja polepole kandokando ya treni, mkono mmoja kiunoni. Alipofika usawa wa dirisha alisimama. Akatazama ndani, na macho yao yakakutana, na safari hii hakuyakwepesha. Alimtazama Rajab, akalitazama begi kwenye kiti, akamtazama tena Rajab. Halafu akageuka, akarudi nyuma kwa mwendo wa mgongo wake wa kila siku, behewa la pili, la tatu, akapanda.

Safari hii mzee hakuwa na siri ya kuficha.